Mwongozo kamili wa kufanya riaksheni ya episodi ya kwanza ya anime ya mapenzi na utani

Anime, yaani katuni ya Kijapani, ikiwa ya mapigano humbeba anayefanya riaksheni, yaani anayejirekodi akiitazama ili watu waone anavyoipokea. Ngumi ikitua unaruka, jitu likianguka unapiga kelele, na anayekutazama anaruka nawe. Anime ya mapenzi yenye utani haimbebi mtu hivyo. Wanafunzi wawili wamekaa jirani darasani, mmoja anasema neno moja kwa sauti ya chini, mwenzake anaiva uso, basi, limekwisha. Ukiwasha kamera bila maandalizi utakaa dakika 24 ukitabasamu, na mtazamaji wako hatajua unatabasamia nini.

Naipenda sana aina hii ya anime, na huniuma nikisikia mtu anaizima katikati akisema hakuna kinachotokea. Kinachotokea ni kingi, ila kinatokea usoni na katika ukimya. Hapa nitaeleza jinsi ya kukiona, kukisubiri, na kukisema kwa Kiswahili ambacho mtu wa kwenu ataelewa. Mfano nitakaoutumia ni episodi ya kwanza ya Karakai Jouzu no Takagi-san, iliyorushwa Japani Januari 2018. Ukiitendea haki hii, hizo nyingine za ukoo wake hazitakusumbua.

Hatua ya kwanza: jua mazingira, usijue matukio

Hii ndiyo kanuni ninayoishika kuliko zote. Mtu asiyejua lolote hupoteza nusu ya utani kwa sababu haelewi desturi za pale. Anayejua kila kitu naye huigiza mshangao, na uso unaoigiza hujulikana mara moja, hata kwenye kioo kidogo cha simu.

Anza na jina. "Karakai" ni utani au uchokozi, na "jouzu" ni hodari wa jambo. Kwa hiyo jina zima linasema: Takagi, bingwa wa kutania. Hadithi ni ya Soichiro Yamamoto, aliyeanza kuichora kama manga, yaani hadithi ya michoro ya Kijapani, mwaka 2013 na kuimaliza 2023. Anime ilitengenezwa na studio ya Shin-Ei Animation chini ya mwongozaji Hiroaki Akagi, ikapata misimu mitatu, 2018, 2019 na 2022, kisha filamu mwaka huohuo 2022. Yamamoto ni mtu wa Shodoshima, kisiwa cha mkoa wa Kagawa katika bahari ya ndani ya Seto, na mandhari ya anime yamechukuliwa hukohuko. Ndiyo maana njia za kwenda nyumbani zina miteremko, ukimya na harufu ya bahari unayoweza karibu kuinusa. Aliyekulia kisiwani au mji mdogo wa pwani ataitambua ile hali ya kila mtu kumjua kila mtu, na muda wa mchana kutokuwa na haraka.

Pili, jua umri wao. Nishikata, mvulana anayetaniwa, na Takagi, msichana anayekaa jirani yake, wako mwaka wa kwanza wa shule ya kati ya Japani, ile ya miaka mitatu inayofuata miaka sita ya msingi. Wana miaka 12 au 13, sawa na mtoto wa darasa la sita au la saba kwetu. Hili lina uzito kwa namna utakavyozungumza mbele ya kamera, na nitalirudia.

Tatu, jua neno "zamu". Episodi ya kwanza ina vichekesho vinne vifupi: kifutio, zamu, sura za kuchekesha, na yeni mia (yeni ni fedha ya Japani). Cha pili kinahusu utaratibu wa shule za Japani ambapo wanafunzi wawili hupewa zamu ya siku: wanafuta ubao, wanajaza daftari la kumbukumbu za darasa, na aghalabu ndio wa mwisho kuondoka. Aliyewahi kuwa wa zamu shuleni kwetu hahitaji maelezo marefu. Utaratibu huo ndio unaowaacha wawili peke yao darasani bila yeyote kuonekana ameomba, na mwandishi wa hadithi za mapenzi ya shule hawezi kupata kisingizio kizuri kuliko hicho.

Nne, majina. Nishikata na Takagi ni majina ya ukoo. Nishikata humwita mwenzake "Takagi-san", na hilo "-san" ni la heshima. Takagi humwita "Nishikata" tupu. Sikiliza tofauti hiyo tangu sentensi za kwanza, maana imebeba uhusiano wao wote: mmoja bado anasimama mbali kwa adabu, mwingine ameshaingia ndani bila kubisha hodi.

Hapo ndipo ukomee. Usisome muhtasari wa episodi. Usifungue maoni ya watu. Kuna manga ya pembeni inayowaonyesha wahusika hawa wakiwa watu wazima, na kava lake peke yake linatosha kukuharibia. Ukitafuta picha za Takagi mtandaoni kabla ya kurekodi, utakutana nalo. Mimi lilinikuta, na tangu siku hiyo hutafuta picha baada ya kurekodi.

Hatua ya pili: vifaa

Hapa sitakawia, simu ya kawaida inatosha. Yanayoharibu rekodi nyingi ni mambo madogo.

Vaa spika za masikioni, sauti ya anime isiingie kwenye maikrofoni yako. Katika anime ya aina hii wahusika hunong'ona, na ukitumia spika ya nje utaongeza sauti ili usikie, kisha kwenye rekodi mnong'ono na pumzi zako vitagombana. Kaa ukitazamana na dirisha au taa, usiipe mgongo. Kamera iwe usawa wa macho, na kifaa unachotazamia kiwe karibu kabisa na kamera, ili macho yako yasionekane yanatazama ukutani. Zima arifa za simu. Rekodi nusu dakika ya majaribio, isikilize, ndipo uanze.

Kama huduma unayolipia inaruhusu kupakua, pakua episodi usiku uliotangulia. Bando likikatika sekunde mbili kabla ya Takagi kugeuza kichwa, riaksheni hiyo imekufa, kwa sababu utakapoirudia utakuwa unajua.

Mwanzoni mwa rekodi piga kofi moja wakati uleule unapobonyeza kuanza kwa episodi. Mlio huo utakusaidia kulinganisha picha zako na za anime wakati wa kuhariri. Bila kofi utahangaika saa nzima.

Muda nao una maana. Mchana kuna bodaboda, wauza samaki na watoto wa jirani. Usiku wa manane kumetulia, lakini sauti yako itakuwa ya kulala. Kwangu mimi saa moja baada ya isha ndiyo saa nzuri.

Hatua ya tatu: jifunze kunyamaza

Sisi tumelelewa na watu wa kusema juu ya filamu. Tanzania tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, na aliyewahi kukaa kwenye kibanda umiza anajua sauti ya mtu mmoja inavyoweza kumgeuza mpiganaji wa Hong Kong akawa kijana wa mtaani kwetu. Ni sanaa kubwa, nami naiheshimu kwa moyo wote. Wengi wetu tunaofanya riaksheni tumerithi kitu kutoka kwao bila kujua.

Lakini sanaa ile iliumbwa kwa filamu za vitendo, ambako mtu akisema juu ya mapigano hapotezi kitu. Utani wa Takagi umejengwa juu ya ukimya. Anasema jambo, anangoja. Nishikata anawaza moyoni kwa kelele nyingi huku uso wake ukijitahidi kutulia. Ukiongea katika sekunde hizo tatu, umekifunika kilichokuleta.

Kwa hiyo jiwekee kanuni: wakati wa kichekesho, sauti tu, si sentensi. Cheka, guna, piga "aah!", funika uso, hayo yote ni riaksheni. Sentensi ngojea. Kwa bahati nzuri episodi hii imegawanyika katika visa vifupi, na kati ya kisa na kisa kuna pumziko. Hapo ndipo pa kuzungumza, sekunde 20 hadi 30, ukisimamisha episodi ikibidi. Ukizungumza katika mapumziko hayo na ukanyamaza kwingine, mtazamaji atakuona mwerevu hata kama hukusema jambo kubwa.

Wimbo wa kufungua, unaochukua kama dakika moja na nusu, usiuruke mara ya kwanza. Umeimbwa na Yuiko Ohara na jina lake ni "Iwanai kedo ne", ambalo kwa Kiswahili ni kama mtu anayesema, "ila sikuambii, ng'o." Jina hilo limekuonyesha moyo wa hadithi kabla hadithi haijaanza. Sema hivyo kwa sentensi moja, uendelee. Wimbo wa kufunga nao unaimbwa na Rie Takahashi, mwenye sauti ya Takagi mwenyewe, kwa hiyo usizime majina yanapoanza kupita.

Hatua ya nne: tazama mambo matatu kwa mpangilio wake

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila utani mzuri katika anime ya namna hii una mtego, ukimya, na uso. Anayeanza huangalia mtego, kwa sababu ndio wenye maneno. Nakushauri uangalie uso, tena uso wa yule mtaniaji, si wa anayetaniwa.

Chukua kisa cha kifutio, ambacho wengine kwetu tunakiita raba. Takagi anamweleza Nishikata habari ya imani moja ya wanafunzi: ukiandika jina la umpendaye kwenye kifutio chako, ukakitumia mpaka kikaisha bila mtu kuliona, naye atakupenda. Maelezo madogo tu, lakini Nishikata amekwisha kunasa. Sasa hawezi kuacha kukiangalia kifutio cha Takagi. Kuna jina? La nani?

Huo ndio mtego. Angalia ulivyo mzuri: Takagi hajamwambia fanya hili wala lile. Ameweka swali mezani akaondoka. Mtani wa kweli hakusukumi, anakufungulia mlango ukajipitie mwenyewe.

Kisha unakuja ukimya. Nishikata anabaki na kifutio karibu yake, na tunasikia mawazo yake yakibishana. Sauti ni ya Yuki Kaji, mwigizaji ambaye wapenzi wengi wa anime wanamjua kama sauti ya Eren, shujaa wa anime ya vita Shingeki no Kyojin (Attack on Titan). Sikiliza vizuri. Nguvu zilezile za koo zilizopigania uhai wa binadamu zinatumika hapa kwa mtoto anayepima kama ni dhambi kugeuza kifutio cha mwenzake. Kichekesho kinakaa kwenye tofauti hiyo, kwamba jambo ni dogo mno na kwake yeye ni kubwa kuliko dunia. Sisi tuliowahi kuwa na miaka 13 tunajua kwamba kwa mtoto yule halikuwa dogo hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu tunacheka kwa huruma.

Halafu anakigeuza. Kilichoandikwa si jina la mtu. Ni neno la kumwelekeza koridoni, na koridoni Takagi yuko, anamtazama.

Sasa simamisha macho yako. Kamera yako itakuwa inakurekodi ukicheka, vyema, cheka. Lakini mtazame Takagi pale. Anacheka kwa sababu ameshinda? Au ana furaha nyingine, ya mtu aliyetaka kujua kama yule mwenzake atajali kiasi cha kukigeuza kifutio, na sasa amepata jibu? Nishikata alikuwa anatafuta siri ya Takagi. Kumbe Takagi ndiye aliyekuwa anatafuta siri yake, na ameipata. Ukiliona hilo katika episodi ya kwanza, ukalisema kwa maneno yako, riaksheni yako itakuwa imeingia ndani kuliko nyingi za lugha yoyote nilizoziona.

Baada ya hapo jiulize swali moja kwa kila kisa: huyu mtaniaji alitaka kujua nini? Kwenye zamu, utaliuliza kuhusu wawili waliobaki darasani. Kwenye sura za kuchekesha, utaliuliza pale Nishikata anapoamua kwamba leo yeye ndiye atakayemfanya mwenzake ashindwe. Yeni mia nakuachia ukikute mwenyewe.

Weka pia hesabu. Chukua karatasi, andika Takagi upande mmoja na Nishikata upande wa pili, ukiweka alama kila mmoja anapomshinda mwenzake. Watazamaji hupenda sana, na wewe utalazimika kuamua: hapa nani ameshinda? Kuna mahali utasita, na kusita huko kuna thamani kuliko alama yenyewe.

Hatua ya tano: mpe kila utani jina lake la Kiswahili

Lugha yetu ni tajiri hapa kuliko tunavyoitumia, na riaksheni ya Kiswahili ina jambo la kutoa ambalo riaksheni ya Kiingereza haina. Usiseme tu "anamchokoza" kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kutania si kuchokoza, na kuchokoza si kudhihaki. Mtani ni mtu mwenye haki ya kukutania. Wachaga na Wapare wanataniana, babu na mjukuu wanataniana, Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Ndani ya utani kuna mapatano yasiyosemwa: naweza kukwambia lolote, nawe vilevile, na kesho nikifiwa wewe ndiye utakayekuja kunichekesha msibani. Mchokozi hana mapatano hayo, anakuanza tu aone utafanya nini. Mwenye dhihaka anakushusha mbele ya watu. Msimangaji anakukumbusha aliyokufanyia. Mwonezi anakufanyia kwa sababu huwezi kumrudishia.

Takagi yuko wapi katika orodha hiyo? Maoni yangu ni kwamba anaanza kama mchokozi na anatafuta kukubaliwa kuwa mtani. Tazama jinsi anavyotania wakiwa wawili, mbali na masikio ya darasa. Hamwaibishi mbele ya wenzake. Na Nishikata kila siku anapanga kulipiza, maana yake naye ameukubali mchezo. Mtu anayeonewa hapangi mbinu za kesho akiwa na hamu ya kesho ifike.

Linganisha na Ijiranaide, Nagatoro-san, iliyorushwa Aprili 2021. Jina lenyewe ni ombi, kama kusema "usinichezee, Nagatoro." Katika episodi ya kwanza Nagatoro anamfanya mwanafunzi aliyemtangulia mwaka mmoja alie machozi. Wapo walioizima hapohapo, na siwalaumu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na pale usaha unaonekana. Ukifanya riaksheni ya episodi ile, usijilazimishe kucheka. Kama ilikuuma, sema imeniuma, uonyeshe ni sekunde gani. Kisha angalia kama hadithi yenyewe inajua kwamba imevuka mpaka. Kwa maoni yangu inajua, na inachukua muda kumrudisha Nagatoro kwenye upande wa utani. Lakini una haki ya kuhukumu episodi uliyoiona, si zile utakazoziona baadaye.

Jambo jingine la lugha. Kanuni ya mchezo wa Takagi na Nishikata ni kwamba ukiona haya umeshindwa. Kijapani hutumia neno "tereru", ule moto unaopanda usoni mtu akisifiwa au akitazamwa na ampendaye. Nasikia watu wakilitafsiri kuwa aibu. Tafadhali, isiwe aibu. Aibu ni ya mtu aliyeumbuka, na inaweza kuwa ya familia nzima. Linalofaa hapa ni haya, au soni, neno tamu ambalo vijana wanaliacha. Ukisema "Nishikata ameona soni", umemweleza kwa maneno matatu. Ukisema "amepata aibu", umemtia kwenye janga ambalo halipo.

Hatua ya sita: chunga ulimi wako

Nilisema nitarudi kwenye umri. Hawa ni watoto. Riaksheni ya penzi la watoto wa miaka 13 inaweza kuwa na furaha tele, kumbukumbu za shule, barua zilizokunjwa mara nane, lakini si mahali pa kuongelea miili yao wala kutoa matani ya kikubwa. Nikiona mtu amefanya hivyo, hata akiwa na watazamaji wengi, siendelei kumtazama. Watazamaji wako nao wengi ni wadogo, na baadhi wanatazama na wazazi wao sebuleni.

Usiseme pia kwamba msichana wa kwenu akikutania ujue anakupenda. Kwenye anime tunayasikia mawazo ya Nishikata na tunaonyeshwa uso wa Takagi kwa karibu, kwa hiyo tuna ushahidi. Darasani hakuna mwongozaji wa kutuonyesha. Nimewahi kupokea ujumbe wa kijana aliyeniambia amekuwa akimtania mwenzake mpaka akahama dawati. Nilimwambia amwombe radhi, na tangu hapo kila ninaporekodi aina hii ya anime nasema wazi: mwenzako asiporudisha utani, nyamaza.

Hatua ya saba: zungumza baada ya kumaliza

Episodi ikiisha usizime kamera. Kaa sekunde chache, kisha zungumza kati ya dakika tano na nane. Wengi husema "imenifurahisha, tuonane episodi ya pili", wakaaga. Mtazamaji aliyekaa nawe nusu saa anastahili zaidi ya hapo.

Mimi huwa nina maswali matatu kwenye karatasi. Ni utani upi uliokuwa bora, na kwa nini ule na si mwingine? Nani alionyesha moyo wake kwanza? Kama ungekuwa wewe kwenye kile kiti, ungefanya nini? La tatu ndilo linalofungua midomo ya watu. Eleza kisa chako mwenyewe cha shule, kifupi, bila jina la mtu. Utashangaa majibu yatakayokuja: kuna dada aliyewahi kuniandikia kwamba aliandika jina la mvulana chini ya rula, hakulifuta mpaka kidato cha nne.

Kisha toa makisio. Andika kwenye karatasi ileile ya alama: unadhani nani atasema ukweli kwanza, na katika episodi ya ngapi? Ionyeshe kwenye kamera.

Hatua ya nane: kuhariri, na haki za wenyewe

Usipandishe episodi nzima, hata ukiiweka kwenye kona ndogo. Ni kazi ya watu, na YouTube ina mfumo unaotambua picha na sauti wenyewe, ambao unaweza kuizuia video yako au kuyapeleka mapato yake kwa mwenye haki. Kutumia vipande vifupi hupunguza hatari lakini hakuiondoi.

Njia ninayoipenda ni ya kuhesabu. Huonyeshi anime kabisa. Unawaambia watazamaji wafungue episodi kwenye huduma yao halali, unahesabu "tatu, mbili, moja, bonyeza", nanyi mnatazama pamoja, uso wako tu ukionekana. Weka saa ndogo pembeni inayoonyesha dakika za episodi, ili aliyechelewa ajilinganishe. Kwa anime ya utani njia hii ina faida ya pekee: kwa kuwa picha hazipo, uso wako unapaswa kuwa mkweli, na mtazamaji anasoma uso wako kama anavyousoma wa Takagi.

Ukitumia vipande, chagua vinne tu, kimoja kwa kila kisa, sekunde chache kila kimoja, na anza kipande kwenye ukimya badala ya kwenye mtego. Mtego unaweza kuusimulia mwenyewe kwa mdomo, tena ndio raha ya Kiswahili. Unasimulia habari ya kifutio kwa maneno yako, unafika pale anapokigeuza, unanyamaza, ndipo picha inaingia.

Ukikata, kata maneno yako na sio vicheko vyako. Kwenye CapCut au programu yoyote uliyonayo utaona mistari ya sauti, na utashawishika kuondoa kila mahali palipo bapa. Acha. Bapa ile ni wewe unangoja pamoja na Nishikata. Punguza ukimya wa katikati ya maelezo yako, lakini ukimya wa katikati ya kisa usiuguse.

Kwa picha ya jalada, weka uso wako ukiwa katika ile nusu sekunde kabla ya kicheko, macho yamekwisha kuelewa na mdomo bado. Rudi kwenye rekodi, isogeze taratibu, utaikuta. Ni bora kuliko mdomo uliopanuliwa kwa makusudi. Maandishi yasizidi maneno manne, na yasifichue kilichoandikwa kwenye kifutio.

Kwenye maelezo ya video omba watu wasitaje manga ya pembeni wala misimu ya baadaye, kisha mpe rafiki uliyemwamini kazi ya kusoma maoni kabla yako na kufuta yanayofichua. Mimi nina binamu yangu anayeifanya kazi hiyo. Ameshamaliza misimu yote mitatu na filamu, na hajawahi kunidokeza lolote.

Ile karatasi ya alama na makisio ibandike mahali utakapoiona ukirekodi. Msimu wa kwanza una episodi 12, na utaisoma kwa sauti mbele ya kamera siku ya episodi ya mwisho.